Abiria wa Mzee Abdulhadi

Nyumba ya mzee Abdulhadi, kule Mtoni kwa Azizi Ali, ilikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote na hakuna aliyethubutu kuivunja: Kiarabu hakisemwi humu ndani. Kwenye swala sawa, hiyo ni baina ya mtu na Mola wake. Lakini redio ikinasa stesheni ya Maskati, mzee anaizima. Mgeni akija kutoka Oman na kanzu yake iliyopigwa pasi ikasimama, akaanza kumwaga salamu za huko, mzee anamjibu kwa Kiswahili cha Temeke, tena kile cha gereji, mpaka mgeni mwenyewe anajiona kituko. Watoto walikua wakiamini kwamba baba yao hajui Kiarabu zaidi ya kile cha msahafu. Ilikuwa aibu kidogo mbele ya ukoo, maana binamu zao wa Tanga walikisema kwa mbwembwe, lakini waliizoea.

Jokha, binti wa mwisho, alikuwa na miaka arobaini na mmoja alipoingia tena darasani. Ndoa yake ilikuwa imevunjika, amerudi kwa baba yake na mabegi mawili. Mchana alifanya kazi ya uwakili katika ofisi ndogo ya msaada wa kisheria huko huko Temeke, akisikiliza wajane waliotupiwa vyombo nje na mashemeji. Alasiri akirudi anaweka laptopu juu ya meza ya chakula, ananunua bando, na papo hapo anakuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili ya sheria ya kimataifa ya kibinadamu, katika chuo cha Ulaya ambacho hajawahi kukikanyaga. Kaka yake Nasser, aliyerithi kuendesha duka la mchele la baba, alimuuliza sheria ya vita ina faida gani kwa mtu wa Mtoni. Jokha akamwambia wengine wananunua dhahabu, yeye kanunua masomo. Ukweli ni kwamba hata yeye mwenyewe hakujua kinachomvuta. Alijua tu kwamba ni mahali pekee ambapo watu walikaa wakabishana kwa utulivu juu ya mambo yanayotisha, na katika nyumba yao hakuna jambo la kutisha lililowahi kusemwa kwa sauti.

Mzee naye alikuwa ameanza kupotea. Hakupotea njia, alipotea siku. Alikuwa akiuliza mama yao yuko wapi, mwanamke aliyezikwa miaka tisa nyuma. Mchana alibaki na Mwanaasha, mama wa makamo wa Kizaramo aliyelipwa kumwangalia na ambaye hakuwa na woga wa kitu chochote kinachoonekana. Ni visivyoonekana vilivyomtia mashaka.

"Da Jokha, mzee ana mgeni," alimwambia siku moja, akiwa anachambua mchele. "Anakujaga saa tisa, saa kumi. Mie benchi la korido namwachiaga nafasi."

Jokha alicheka. Lakini baadaye akatazama, na alichokiona hakikumchekesha. Mzee alikaa kwenye benchi lake, mgongo umeegemea ukuta, macho mbele, mikono juu ya magoti. Mara akageuza shingo nusu, upande wa kulia, kama mtu aliyegongewa ukuta kwa nyuma. Akasikiliza. Kisha akasema taratibu, kwa sauti ya kuomba radhi, "Sielewi, bwana. Sielewi unachosema." Akarudisha uso mbele. Baada ya kitambo ukuta ukamgongea tena.

Nyuma ya ukuta ule palikuwa na uchochoro wa majirani na tangi la maji. Jokha alikwenda kuangalia. Hapakuwa na mtu, wala paka. Aliporudi ndani alijikuta anapita mbali na benchi, nguo ameikusanya mkononi, na akajichukia kwa hilo. Tangu siku ile hofu ikamwingia nyumbani kwao wenyewe, hofu ya mchana kweupe, jua likiwa limejaa uani na majirani wanatwanga.

Wiki ya sita ya muhula ilikuwa juu ya maiti na waliopotea. Mwalimu, mama mmoja asiyepandisha sauti, aliwaeleza kwamba adui akianguka mikononi mwako, mzima, mahututi au amekufa, una wajibu wa kuandika jina lake na kulipeleka kwa watu wake. Huhitaji kumpenda wala kumsamehe. Unatakiwa uandike. Na familia, alisema, ina haki ya kujua. Jokha aliyapigia mstari maneno hayo, akawafikiria wajane wake wa Temeke, ambao angalau walijua waume zao wako kaburi gani.

Kazi ya muhula ilifanywa na wanafunzi wawili wawili. Aliyemfuata Jokha kumwomba washirikiane ni Misbah, kijana wa Tripoli, mpole, mwenye ndevu zisizokubali kujaa. Alimchagua Jokha kwa sababu ya nchi aliyotoka. Mwaka sabini na tisa, alisema, wanajeshi wa Libya walipelekwa Uganda kumsaidia Amin, na wapo ambao watu wao hawakuambiwa kitu mpaka leo. "Walikufa mbele ya jeshi lenu," alisema. "Tuandike juu yao." Jokha alikubali, akashangaa kimoyomoyo. Vita vya Kagera alivijua kwa nyimbo za shuleni. Nyumbani kwao vilikuwa hadithi ya sentensi mbili: serikali ilichukua malori ya watu binafsi, likiwemo la baba, Bedford lake la kubebea mkaa kutoka Pugu, na baba akaenda nalo. Alibeba maharage mpaka Mwanza, hakufika mbele, akarudi, akaliuza lori wiki ile ile, akafungua duka.

Jumamosi moja, baada ya swala ya alasiri, walikuwa wanapanga kazi yao kwa video, kwa Kiingereza cha chuoni. Hedifoni za Jokha zilikuwa zimekufa tangu asubuhi, kwa hiyo sauti ya Misbah ilitoka wazi na kujaa sebuleni. Katikati ya maneno, mama yake Misbah aliingia chumbani kwa mwanawe na kahawa. Mama na mwana wakasemezana kidogo kwa Kiarabu cha kwao, mambo ya nyumbani tu.

Koridoni benchi lililia. Jokha aligeuka akamwona baba yake amesimama mlangoni, bila fimbo, uso umemkauka.

Akasema Kiarabu. Hakukiokoteza neno neno kama mtu anayekumbuka, kilimtoka kizima kizima, na ndani yake Jokha akasikia mtu asiyemjua. Mzee alikuja mpaka mezani, akakaa, akaiinamia laptopu. Misbah, upande wa pili, kikombe kilikuwa kimegandia hewani.

"Anasemaje?" Jokha aliuliza.

Misbah aliisogelea kamera. "Anasema ananisikia. Anasema tangu mwanzo wa safari alikuwa ananisikia." Akashusha kikombe. "Jokha, anadhani niko nyuma ya lori lake."

Hadithi ikatoka jioni ile, nusu kwa Kiarabu, nusu kwa Kiswahili, mzee akirukia huku na huku, Misbah akitafsiri na Jokha akiandika. Mzee alikuwa amelelewa na bibi aliyetoka Sur, kule Oman, ambaye mpaka anakufa Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia samaki tu. Kiarabu ndicho alichonyonya. Akaenda nacho vitani, akakificha, kwa sababu wenzake njiani walikuwa na utani mmoja usioisha: Abdulhadi, ndugu zako Waarabu wametua upande wa pili, sasa wewe utatugeuka lini? Yeye alicheka nao. Usiku analala na viatu. Alikuwa na miaka ishirini na minane, mweupe peke yake katika msafara mzima, ana mke mchanga Temeke, na aliona jinsi utani unavyoweza kuamka asubuhi moja ukawa si utani.

Baada ya mapigano ya Lukaya akapewa majeruhi wa kurudisha nyuma. Kati yao kulikuwa na Mlibya mmoja, kijana, tumbo limefungwa bandeji. Shati lake na kila kilichokuwa mfukoni vilikuwa vimeungua, hana namba, hana karatasi. Madaktari wa jeshi walimpandisha pamoja na wengine, hawakumbagua. Kati ya bodi la nyuma, walikolazwa majeruhi, na kibini ya dereva kulikuwa na kidirisha cha kioo. Kijana akakisogelea, akamwona dereva, akaona sura ya Kiarabu. Akagonga. Akaanza kusema, kwa tumaini lote la mtu aliyemwona ndugu. Alisema jina lake na la baba yake, mji wake, jina la mama yake. Alisema mwambie mama asikae kunisubiri. Alirudia, akagonga, akarudia. Abdulhadi alikuwa na askari pembeni yake, macho yake akayafunga barabarani.

Waliposimama, afisa mmoja alipita na daftari akiandika majina ya majeruhi, kama inavyotakiwa. Akafika kwa yule kijana, hawakuelewana. Akamwita dereva. "Wewe Mwarabu, huyu anasemaje?"

"Sielewi, afande," Abdulhadi alisema. "Mie Mswahili wa Temeke."

Kijana alikuwa anamtazama wakati anasema hivyo. Hakujua Kiswahili, lakini alielewa. Hakugonga tena mpaka alipokufa, kabla jua halijashuka, na afisa akaandika kwenye daftari kwamba ni mtu asiyejulikana. Walimzika kando ya barabara.

Ndipo Misbah akafanya jambo ambalo Jokha aliona linakuja na akainua mkono kulizuia, kisha mkono akaushusha mwenyewe. Misbah akamuuliza mzee kwa upole, kwa Kiarabu: jina langu unalikumbuka?

"Milud," mzee akasema. "Milud bin Faraj, wa Gharyan. Mama yako Mabruka. Mnakaa nyuma ya soko la vyungu." Alilisema kama mtu anayetua mzigo. Halafu akauliza kitu kimoja, na Misbah hakukitafsiri palepale. Aliziba mdomo kwa kiganja, machozi yakamtoka, ndipo akamjibu.

"Aliniuliza kama nimefika," Misbah alimwambia Jokha baadaye. "Ningemwambia nini? Nimemwambia umenifikisha."

Mzee aliposikia jibu lile aliitikia kwa kichwa. "Basi shuka," akasema kwa Kiswahili. Akainuka, akaenda kulala, na akalala mpaka asubuhi.

Kuanzia siku ile ukuta haukumgongea tena. Mwanaasha akaanza kukaa kwenye benchi bila kuomba nafasi. Mzee alipata hamu ya kula, akawa anamtania Nasser kwamba duka linamnenepesha yeye badala ya wateja, akacheka, na Nasser akaja jikoni kumwambia dada yake kwamba hajawahi kumwona baba akicheka hivyo tangu azaliwe. Hakuuliza kimetokea nini. Jokha alimweleza hata hivyo, naye akasikiliza kwa kichwa kimeinama, akasema basi, yameisha, tumshukuru Mungu.

Hayakuwa yameisha. Jokha alijaza fomu ya shirika linalotafuta waliopotea vitani: jina, jina la baba, mji, mama. Kazi yao ya muhula ikapata alama za juu kuliko zote, na mwalimu akaandika pembeni kwamba ni nadra kuona haki ya familia kujua ikitetewa kwa imani namna ile. Jokha alisoma maneno hayo mara moja, akafunga ukurasa.

Miezi minne ikapita, ndipo majibu yakaja. Familia imepatikana. Mabruka alikuwa amekufa miaka miwili tu nyuma, na kitanda cha mwanawe alikuwa hajaruhusu mtu akiondoe. Aliyebaki ni mdogo wake Milud, Noor, mama wa watu wazima sasa, aliyekuwa na miaka kumi kaka yake alipoondoka. Alituma sauti kupitia Misbah. Alimshukuru dereva. Hakumlaumu, na hilo ndilo lililomuumiza Jokha zaidi. Kisha akauliza swali moja: amelala wapi? Alikuwa tayari kusafiri. Alitaka kumsomea Fatiha akiwa amesimama mahali, kwa sababu miaka arobaini na sita alikuwa anaisomea hewani.

Jokha akampelekea baba yake chai, akakaa karibu naye. "Baba, ule mwaka wa vita, yule kijana mlimzika wapi?"

Mzee alimtazama kwa macho matulivu kabisa. "Kijana gani, mwanangu? Gari langu lilibeba maharage. Sie hatukufika mbele."

Hakuwa anadanganya tena. Ule uongo aliouhifadhi miaka yote ndio uliobaki kichwani mwake, na ukweli alikuwa ameshaushusha garini ukaenda zake. Jokha alijaribu kesho yake, akajaribu wiki nzima, akamtajia Lukaya, akamtajia Milud. Mzee alimwambia ni jina zuri.

Jokha alijua kuna njia moja, sauti ya Misbah kwa Kiarabu. Nasser naye alijua, na alimwahi kabla hajafungua mdomo.

"Usithubutu," alisema. Walikuwa wamesimama nyuma ya duka, kati ya magunia. "Mzee amebakiza siku ngapi? Mwache azimalize kwa raha."

"Kaka, kule kuna mtu anasubiri."

"Kesubiri miaka arobaini. Huyu ni baba yako."

"Najua ni baba yangu."

"Hujui," Nasser alisema. "Wewe siku hizi unajua vifungu tu."

Maneno yale yalimkata maini, kwa sababu hata yeye alikuwa amejiuliza hivyo hivyo. Sheria aliyoisoma ilisema familia ina haki ya kujua. Haikusema ni nani anayepaswa kuilipia haki hiyo, wala kwamba anaweza kuwa mzee wa miaka sabini na nne aliyeanza kucheka juzi. Alikaa na jambo lile siku kumi na mbili. Aliisikiliza sauti ya Noor mpaka akaijua pumzi kwa pumzi, bila kuelewa neno. Kilichomwamulia mwisho hakikuwa kifungu. Ilikuwa ni siku moja ofisini, mjane mmoja alipomwambia kwamba wakwe wamehamisha kaburi la mumewe na hawataki kumwonyesha, na Jokha akajikuta amewakasirikia wakwe wale kwa hasira kubwa, halafu kalamu ikamsimama mkononi.

Alirudi nyumbani saa tisa. Mwanaasha alikuwa anamkata mzee kucha uani, wanapiga soga. Jokha aliifungua laptopu, akampigia Misbah, akamweleza. Misbah alikataa, kisha akakubali. Jokha akatoka uani akamshika baba yake mkono, akamleta mezani polepole, akamwekea mto mgongoni.

Misbah akasema salamu kwa Kiarabu.

Jokha alilazimika kutazama, aliona hilo angalau anadaiwa. Aliona jinsi uso wa baba yake ulivyokuwa na nuru, na jinsi ile nuru ilivyotoka. Mabega yakapanda. Shingo ikageuka nusu, upande wa kulia, kuelekea nyuma ambako hapakuwa na kitu ila kabati la vyombo.

"Huyu alishashuka," mzee akasema kwa Kiswahili. "Nani kampandisha tena?"

Mwanaasha, aliyekuwa mlangoni na mkasi wake wa kucha, alirudi hatua moja nyuma.

"Mie, baba," Jokha alisema.

Mzee alimtazama binti yake kwa muda mrefu. Alimtambua, hilo Jokha hakulitilia shaka hata kidogo, siku ile alimtambua kuliko siku nyingi. Kisha akaigeukia laptopu, akashika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili kama usukani, na akaanza kuitaja barabara. Baada ya kinamasi, kilima cha kwanza. Kuna mkunjo. Kuna nyumba ya matofali isiyo na paa, unaipita. Upande wa kushoto kuna mawe matatu makubwa, la katikati limepasuka. Walimlaza pale, miguu kuelekea kwenye mawe, kwenye udongo mwekundu. Yeye ndiye aliyewaambia kibla kiko wapi, ndilo jambo pekee alilomfanyia. Misbah alitafsiri neno kwa neno na Jokha akaandika yote, mpaka idadi ya hatua kutoka barabarani.

Alipomaliza alikuwa ameloa jasho. Misbah alifuta macho, akakohoa, akasema kwa Kiarabu yale maneno yaliyoponya mara ya kwanza: umenifikisha.

Mzee akatikisa kichwa. "Mara ile uliniambia hivyo hivyo," akasema.

Hakuachia meza. Jokha alimuaga Misbah kwa ishara, akaifunga laptopu, akamwomba Mwanaasha alete maji na taulo. Akavuta kiti, akakaa upande wa kushoto wa baba yake, pale ambapo askari angekaa, na akakaa hapo mpaka adhana ya magharibi, mzee akiendesha.